Jiko Jeupe la Mama Somoe

Siku mliyoniaga kazini mlinipa doti ya kanga, keki yenye jina langu lililokosewa herufi, na kiti cha plastiki chenye mikono. Kanga nimezivaa. Keki wajukuu waliimaliza kabla haijafika mezani. Kiti kiko hapa barazani kwangu Lisekese, nami nimekikalia ninapoandika haya, kwa sababu Asha, aliyenipokea jikoni, aliniomba niache maelezo ya namna ya kulitunza jiko la umeme lisishike madoa. Nilimwambia maelezo hayo yanatosha kwenye kiganja. Lakini nilipoanza kuyaandika niliona hayaji bila mtu aliyenifundisha, na mtu huyo haji bila Newala. Kwa hiyo nivumilieni. Mgongo unaniuma na sina pa kwenda.

Nilipoingia kazini Newala nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari. Nyumba ya wageni niliyoajiriwa ilikuwa ya shirika la umma, ambalo limeshakufa na waliolizika nao wamestaafu. Nilikwenda siku ya kwanza nimevaa gauni la sikukuu, nikidhani nitafundishwa kupika vyakula vya wageni. Mpishi mkuu alikuwa Mama Somoe, mwanamke mfupi wa upande wa Tandahimba, mwenye sauti nene na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliitikia shikamoo yangu, akalitazama gauni, akanikabidhi sufuria la wali ulioungua.

"Sugua."

Nikasugua ndani mpaka ukoko wote ukatoka. Nikampelekea. Hakutazama ndani. Alilipindua, akaona masizi, akanirudishia.

"Ndani kunafunikwa na chakula," alisema. "Kitako ndicho wanachokiona watu. Rudi."

Wenye asili ya huku mnajua alichomaanisha. Kwetu mwanamke hupimwa kwa kitako cha sufuria yake. Zikishaoshwa tunazipanga kwenye kichanja uani, vitako vimeelekea njiani, na anayepita kwenda shamba anasoma humo tabia ya mwenye nyumba kabla ya kubisha hodi. Nimewahi kusikia posa ikivunjika kwa ajili ya masizi. Inawezekana walikuwa na sababu nyingine, lakini masizi ndiyo yaliyotajwa.

Jambo la pili nililojifunza ni maji. Ninyi wa Masasi hamtalielewa hili, na si kosa lenu. Newala watu wanakaa juu na maji yanakaa bondeni. Mashine ya kuyapandisha ikiugua, mji mzima unaugua. Uani kwetu palikuwa na kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua, kina mfuniko wa bati na kufuli, na ufunguo wake Mama Somoe aliufunga kwenye pindo la kanga. Alilala nao. Alinifundisha kuosha vyombo vya nyumba nzima kwa maji mnayomwaga ninyi leo mkisubiri bomba litoe ya baridi. Kitambaa kilowe, kisichuruzike. Maji ya kusuuzia ya asubuhi ndiyo ya kuanzia kuoshea mchana, na ya mchana yanakwenda kwenye mgomba. Kazi yote niliyoifanya baadaye kwenye majiko ya umeme ilitoka kwenye ubahili ule wa maji.

Tulipika kwa kuni na mkaa miaka mingi. Sina la kusimulia humo ila kikohozi. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaruhusiwa, malori yakaanza kupanda Newala kutoka kila upande, na watu waliokuwa hawajui korosho inavyochumwa wakawa wanaijadili kwa sauti kubwa mezani kwetu. Shirika likafa. Ikaja asubuhi moja tukaambiwa nyumba imekodishwa kwa Bwana Faraji, mnunuzi wa korosho kutoka Dar es Salaam, na kwamba anayetaka kubaki abaki. Tukabaki. Tungekwenda wapi?

Bwana Faraji hakuwa mtu mbaya, nalisema mapema ili msimsubirie ubaya. Alikuwa kijana, umri wa mtoto wa mwisho wa Mama Somoe kama angezaa tena baada ya Somoe. Alilipa kwa wakati, hakupiga kelele, na alivaa viatu vya raba vya kutembelea kimyakimya. Kitu kimoja tu kilitukera. Hakutoa shikamoo. Alikuwa tajiri wetu, na labda aliona tajiri hawezi kumwamkia mpishi. Akiingia jikoni alisema, "Habari za kazi?" na Mama Somoe alijibu, "Salama," kisha akaangalia pembeni mpaka aondoke.

"Ntoto wa watu hajafundwa," alikuwa akiniambia. "Lakini fedha yake imefundwa."

Yeye ndiye aliyeleta jiko. Lilikuja juu ya lori katikati ya magunia matupu, limeviringishwa magodoro mawili, na kwa mujibu wa dereva lilikaa kwenye tope la Nanganga siku nzima. Wanaume waliliteremsha kwa kamba. Magodoro yalipofunguliwa tukakuta kitu cheupe, cheupe kabisa, chenye sahani nne nyeusi za chuma juu na swichi za kuzungusha mbele. Mama Somoe alilizunguka taratibu akiwa ameshika kiuno.

"Moto unaingilia wapi?" akauliza.

"Hakuna moto, mama," akajibu Chande. Huyu Chande alikuwa mtunza jenereta ya nyumba, mtu aliyezoea kushindana na mashine, kiasi kwamba hata mkiwa mmekaa naye chumba kimoja alizungumza kwa kupaza sauti. "Ni umeme mtupu! Ila msiwashe sahani zaidi ya mbili! Ya tatu mashine inazima!"

Kwa hiyo lilikuwa jiko la sahani nne lenye kazi ya sahani mbili. Zile nyingine tuliziweka kama watu wanavyoweka vikombe vya kabati.

Wiki ile ya kwanza tulipika ming'oko. Mnaijua mizizi ile ya porini inavyofura ikichemka. Mfuniko uliinuka, maji yakamwagika, yakakaukia kwenye ile kauri nyeupe kwa michirizi ya kahawia. Tulipomaliza, Mama Somoe akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kule juu uwandani angekifanya kwa kitu anachokiheshimu. Akachota mchanga laini wa njiani, akachanganya na majivu, akachukua kipande cha gunia, akalitakatisha jiko. Alilitakatisha kwa mapenzi, akiimba, mpaka michirizi ikatoka yote. Ikatoka na mng'aro. Bwana Faraji alipoingia alikuta jiko limefifia, lina mikwaruzo ya duara kila mahali.

"Mmelichuna ngozi!"

"Si ndiyo usafi, baba?" Mama Somoe alishangaa kwelikweli.

Bwana Faraji alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akasema jiko lile limemgharimu, na kwamba likifa hataleta jingine. Atatafuta mpishi wa hoteli huko Mtwara anayeyajua majiko hayo, aje na lake. Alisema bila hasira, na kwa kuwa hakuwa na hasira tuliamini.

Tangu siku hiyo Mama Somoe aliliangalia jiko lile kwa makini ya mtu anayeangalia mkwe. Mikwaruzo ndiyo iliyotufunza. Kauri ikishakwaruzwa, kila doa linapata pa kushika. Mchuzi unaingia kwenye mikwaruzo na kukaa humo. Kwa hiyo hatukuwa tena na nafasi ya kuliacha doa lilale. Asha, hapa ndipo maelezo yako yalipo, kwa hiyo kaa sawa.

Usisubiri mpaka usiku na usikurupuke jiko likiwa la moto. Ukipitisha kitambaa kibichi kwenye sahani inayowaka, unaikaanga ile sabuni, na sabuni iliyokaangwa ni doa jipya. Subiri ifikie uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Kitambaa kilowe na kukamuliwa, sabuni ya mche kidogo, futa kutoka nje kwenda ndani ili uchafu usisambae. Sukari peke yake haingoji: chai ya maziwa ikimwagika zima swichi, sogeza sufuria, futa palepale kwa kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, maana ikipoa inakuwa kioo na utailamba. Kilichoganda, usikwangue. Koroga magadi kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yayeyuke kabisa, lowesha tambara, lilaze juu ya doa, kafanye kazi nyingine. Ukirudi litakuwa limelegea. Hapo chukua dodoki. Stili waya iache kwa masufuria. Nimewaona vijana mnatumia stili waya kwenye kauri halafu mnalaumu wageni.

Zile sahani za chuma nazo zina tabia ya visu, zikikaa na unyevu zinapata kutu. Ukishazifuta, washa kidogo zikauke, zima, kisha pitisha kitambaa chenye tone la mafuta ya kula. Tone. Anayemwaga mafuta atajua kwa moshi kesho asubuhi. Na usimwage maji juu ya jiko hata siku moja, yanateremkia kwenye nyaya. Sisi hatukuwa na tatizo hilo. Maji ya kumwaga tungeyatoa wapi?

Lakini la kwanza kuliko yote ni la siku yangu ya kwanza. Jiko halichafuki lenyewe, linachafuliwa na kitako cha sufuria. Sufuria iliyotoka kwenye mkaa isipande kwenye umeme. Masizi yakiungua mara ya pili yanakuwa lami. Mama Somoe alitenga masufuria mawili ya jiko jeupe, akayafunga utepe mwekundu kwenye mikono, na mtu akiyagusa kwa kazi nyingine alimwona adui wa maisha yake.

Doa moja tu lilimshinda. Lililetwa na karani wa manunuzi, kijana mzaliwa wa Tandahimba, aliyekula korosho kabla hajaota meno. Kila mtu wa huku anajua korosho yenye ganda unaichoma nje, kwenye bati lililotobolewa, umesimama upande unakotoka upepo, kwa sababu yale mafuta ya ganda yanaruka, yanawaka, na yakikupata yanakubabua. Karani alijua yote hayo. Siku moja sisi tukiwa sokoni aliingia jikoni, akaweka korosho na maganda yake kwenye kikaango, akawasha sahani. Nilimuuliza baadaye alikuwa anafikiri nini.

"Dada Hadija, si nyinyi mlisema umeme hauna moto? Nikaona kama hakuna moto, haziwezi kuwaka."

Ziliwaka. Tulirudi tukakuta moshi unatoka madirishani na karani ameketi chini ya mkorosho wa uani akilia kama aliyefiwa, macho mekundu, mikono ina malengelenge. Juu ya kauri mafuta ya maganda yalikuwa yameganda meusi. Mama Somoe alimpaka karani nazi mikononi huku akimtukana kwa Kimakonde, kisha akageukia jiko. Alianza na mafuta ya kula, akisema mafuta hutolewa na mafuta mwenzake. Akafuata na mafuta ya taa kwenye kitambaa, jiko likiwa limepoa na jenereta imezimwa, kisha sabuni, kisha magadi. Kazi ile ilichukua siku kadhaa. Weusi wote ulitoka isipokuwa kipele kimoja karibu na sahani ya mbele, kidogo kuliko mbaazi, kilichoingia kwenye mikwaruzo kikakataa. Alikigusagusa kwa ncha ya kidole.

"Basi kaa," alikiambia. "Nami nakaa."

Sikumbuki ni lini hasa niligundua macho yake. Alianza kunituma nimchambulie mchele. Kisha akawa anamwaga chai kwa kutia kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Tulikwenda pamoja hospitali ya misheni, daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Tuliporudi na kufika getini, alinisimamisha.

"Hadija, usimwambie ntu."

"Mama, utaungua."

"Nimeungua miaka yote na macho ninayo. Sikiliza. Nikienda nyumbani nitakuwa kipofu. Hapa mimi ni npishi mwenye macho mabaya."

Nikamfichia. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilimpenda, basi.

Jiko la kuni lingemsaidia, maana moto wa kuni unasikika, unanuka, unapuliza joto usoni. Sahani ya umeme ni nyeusi ikiwa ya moto na nyeusi ikiwa baridi, haisemi kitu. Tukaifundisha kusema. Kabla ya kuweka mkono popote, alirusha tone la maji kwa vidole. Likilia chwaa, moto. Likinyamaza, baridi. Swichi alizihesabu kwa kidole gumba kutoka kushoto. Na kile kipele cha korosho kikawa alama yake: akikigusa alijua yuko wapi kwenye jiko lote, sahani ya mbele iko huku, ukingo uko kule. Madoa aliyatafuta kwa ncha za vidole vilivyooshwa na kukaushwa, polepole, akianzia kwenye kipele na kukizunguka. Nilikuwa nikipita nyuma yake na macho yangu mazima nisikute kitu. Jiko halikuwahi kuwa safi kama miaka ile, na sisemi hivi kwa kuwa amekufa.

Tatizo lilikuwa watu. Hapo ikatuokoa shikamoo. Mama Somoe alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, hivyo kila aliyeingia jikoni alimwamkia, naye akamjua kwa sauti kabla hajaitikia. "Marahaba, Chande, punguza sauti." "Marahaba, baba, chai yako iko tayari." Wafanyakazi wenzangu waligundua mmoja mmoja, tukaambizana kimya kimya kwamba hakuna kuingia jikoni bila shikamoo ya kusikika. Chande alianza kuitoa kutoka kwenye kibanda cha jenereta. Wageni walisifu adabu ya nyumba ile. Walidhani ni malezi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa haamkii. Lakini alikuwa na desturi ya kuuliza "Habari za kazi?" akiwa mlangoni, nasi tukaona hiyo nayo itatosha.

Asubuhi moja nilikuwa kisimani nachota maji. Msimu ulikuwa umepamba moto, wanunuzi wamejaa, na Bwana Faraji alikuwa ameshindwa mnada kwa mtu aliyetoa bei ya juu kuliko yake. Labda ndiyo maana aliingia bila kusema lolote. Niliporudi na ndoo nilimkuta amesimama kwenye jiko, amenyamaza, ameegemeza kiganja kwenye ile kauri karibu na sahani ya mbele, kichwa kiko kwenye korosho zake. Mama Somoe alikuwa anafuta. Kitambaa chake kilikuja taratibu kutoka ukingoni, vidole vya mkono wa pili vikikifuata kwa nyuma, mpaka kikagonga vidole vya Bwana Faraji.

"Toa nkono wako, Hadija," akasema. "Hapo sijamaliza."

Bwana Faraji hakuutoa. Nadhani alikuwa bado hajaelewa. Mama Somoe akampiga kidogo mgongoni mwa kiganja, kama alivyokuwa akinipiga mimi nikimchelewesha. Kisha vidole vyake vikapanda, vikakutana na saa ya mkononi. Mimi sijawahi kuvaa saa. Vikasimama pale juu ya saa. Niliitua ndoo chini.

Nilimwona Bwana Faraji akimtazama usoni. Alimtazama muda, akapitisha mkono mwingine mbele ya macho yake, na macho hayakuufuata.

"Shikamoo, mama," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba, baba," Mama Somoe akajibu. "Umechelewa sana."

"Tangu lini, mama?"

"Jiko lako nililiona lilipofika. Sasa naambiwa bado ni jeupe."

Naye akaendelea kufuta. Alitafuta kipele, akakipata, akakizunguka, akamaliza mpaka ukingoni. Hakuna aliyemzuia. Alikunja kitambaa, akakianika pale pale kinapoanikwa siku zote. Ndipo Bwana Faraji alipoagiza kiti kiletwe.

Hakumfukuza. Angemfukuza tungelia, tungemlaani, na ingekuwa nafuu. Alimketisha barazani kwenye kiti cha wageni akaagiza aletewe chai, na siku nzima alipita akimwamkia, kila mara shikamoo. Kesho yake gari lilimpeleka Tandahimba kwa binti yake Somoe likiwa na mchele, mafuta, kanga na bahasha. "Sitaki mama wa watu aungue jikoni kwangu," aliniambia. Alikuwa na haki, nami nilimchukia. Siku ile nilielewa kwamba ile shikamoo ndiyo iliyomwachisha kazi. Alipokuwa mpishi, tajiri hakumwamkia. Alipoamkiwa, akawa mzee, na mzee hafui, hasugui, hapiki. Anakaa.

Mama Somoe hakulia. Kabla ya kupanda gari alifungua pindo la kanga, akanipa ufunguo wa kisima.

Nilikwenda kumwona msimu ulipoisha. Nilibeba sukari na sabuni kama inavyotakiwa. Nikamkuta kwenye mkeka, msafi, amepakwa mafuta, wajukuu wanapanga foleni kumwamkia. Somoe alikuwa binti mwema kupita kiasi. Mama yake akinyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe kilikuwa kimeshaletwa. Akisema asogezewe mboga achambue, aliambiwa, "Pumzika, mama, umefanya kazi sana." Mikono ile mikubwa ilikuwa imelala mapajani. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za kila mtu, akacheka niliposimulia Chande. Lakini alizungumza kama mtu aliye mbali, na nilipoondoka hakuniuliza nitarudi lini. Niliogopa sana safari nzima ya kurudi.

Safari ya pili sikubeba sukari. Nilibeba moja ya masufuria yenye utepe mwekundu. Mpishi mpya alikuwa ameliunguzia mbaazi, kisha akalipachika kwenye mkaa, likawa halina tofauti ndani na nje. Nililiweka mapajani pake.

"Mama, hili limenishinda."

Alilipapasa ndani. Akalipindua, akapapasa kitako. Uso wake ukakunjamana kwa ghadhabu, na sijawahi kufurahi kumwona mtu akighadhibika kama siku ile.

"Nani kafanya uchafu huu? Mmeniua! Somoe! Niletee mchanga! Na majivu, yale laini! Wewe Hadija, kaa chini, mvivu mkubwa, nani alikufundisha kazi?"

Somoe alinitazama kwa macho ya kuniuliza nimemleteaje mama yake adhabu nyumbani. Nilimwomba kwa kichwa aache. Mama Somoe alisugua mpaka alasiri, akiimba ule wimbo wa siku aliyolichuna jiko, na alipomaliza aliniamuru nilipeleke uani, nilisimamishe kichanjani, kitako kielekee njiani.

"Linang'aa?" akauliza, amenifuata hadi kichanjani.

"Linang'aa, mama."

"Usiniambie tu. Sogea nione." Akaweka kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilikuwa nikienda kila msimu na sufuria chafu, na nyingine, Mungu anisamehe, niliziunguza mwenyewe makusudi. Tulifanya hivyo mpaka alipofariki. Baada ya hapo Bwana Faraji aliacha korosho, nyumba ikafungwa, nikateremka kazini kwenu Masasi, ambako maji yapo kiasi na majiko yana vioo juu. Yanasafishwa kwa njia ile ile, Asha, usikubali kuuziwa dawa za chupa.

Sasa mimi nina kiti. Macho yangu ni mazuri na mikono inafanya kazi, lakini binti yangu Rehema ni mwema kupita kiasi. Nikiinuka ananiambia, "Kaa, mama." Majirani wanapita wananiamkia, naitikia, wanapita wengine. Ninyi nanyi mmesema mtakuja kunisalimu mwisho wa mwezi. Karibuni. Shikamoo zenu nitazipokea zote. Sukari ninayo, na kanga ninazo za kunizika. Nileteeni sufuria iliyoungua.